Farasi anararua blanketi ya mwenzake? Soma hii kabla hujanunua ingine

Wale mnaotunza farasi huko juu kwenye baridi, Molo, Timau, Nyahururu mpaka Limuru, hii kitu mnaijua. Jioni umefunga blanketi mbili safi kabisa, asubuhi unafika padoki, ule uwanja wa farasi uliozungushiwa ua, unapata mmoja amevaa vizuri kama anaenda harusi na mwingine amening'iniza vitambaa kama ile sanamu ya kufukuza ndege kwa shamba la mtama. Watu wengi wanamgombeza huyu wa vitambaa, ati amejikuna kwa waya. Hapana. Angalia yule blanketi yake iko nzima, huyo ndiye fundi wa kurarua.

Sasa kwa nini anafanya hivyo? Mara nyingi si ukorofi. Farasi wawili wanaopendana hukunana, wanasimama kichwa kwa mkia halafu kila mmoja anamkwaruza mwenzake kwa meno pale juu ya mabega shingo inapokutana na mgongo, na hapo ndipo wanapotulia kabisa, hata mapigo ya moyo hushuka. Halafu wewe umekuja ukafunika hapo hapo. Yeye anatafuta ngozi anapata turubai, anavuta, mwenzake anaruka, kraa! imeenda. Kwa hivyo ukiona blanketi zinapasuka kwa mabega na shingoni kila mara, jua ni kukunana, lakini zikipasuka kwa matako na mkiani mara nyingi huo ni mchezo, hasa kama una dume changa la miaka mitatu minne lililohasiwa, hao ni kama vijana wa shule wamefungiwa bwenini bila mpira.

Kwa hivyo dawa ya kwanza haina gharama: toa blanketi asubuhi. Nimeona stebo (mazizi ya farasi) zenye farasi anavaa blanketi kutoka Jumatatu hadi Jumapili kwa sababu saisi, yule mtunza farasi, ana kazi nyingi, na mchana huku kwetu jua linapiga hadi digrii 20 na zaidi, farasi anatoka jasho chini ya lile turubai, anawashwa, mwenzake anakuja kusaidia. Vua zote mbili jua likishachomoza vizuri, wape nafasi wakunane, wagaegae kwa vumbi, jioni ukirudisha utaona wamepoa.

Na hapa niseme kitu yenye wengine hawapendi kusikia, labda hiyo blanketi hata haihitajiki. Farasi mzima mwenye nywele zake zote na tumbo limejaa nyasi anavumilia hadi kama digrii 5 bila shida, bora awe mkavu na apate mahali pa kujikinga upepo. Wenye wanahitaji kweli ni wazee, waliokonda, wagonjwa, na wale walionyolewa nywele kwa sababu ya mchezo wa polo au mashindano. Mvua ikichanganyika na upepo hapo hesabu inabadilika, sikatai.

Jambo la pili ni njaa, na hapa ndipo naona makosa mengi sana. Farasi ameumbwa kula kidogo kidogo karibu siku nzima, kama masaa 16 hivi. Wewe unamwekea nyasi saa kumi jioni, saa tatu usiku zimeisha, na padoki imekwanguliwa imebaki udongo, sasa hizo saa zingine tisa afanye nini? Atakula blanketi. Farasi wa kilo 400 anataka kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku kama shambani hakuna kitu, na kama ni wawili usiweke rundo mbili, weka tatu, zikiwa mbali mbali, ndio yule mnyonge akifukuzwa apate pengine pa kwenda. Nyasi ya Boma Rhodes iliyovunwa vizuri inatosha, si lazima utafute vitu vya bei.

Chumvi pia. Blanketi iliyolowa jasho wiki tatu inakuwa na ladha, na farasi asiyepata chumvi atailamba kisha aanze kutafuna. Fua hiyo blanketi na uweke jiwe la chumvi padoki. Lakini tafadhali usimpe chakula cha ng'ombe wala cha kuku ati ndani kuna madini, vingine vimewekwa monensin, dawa ya kuku na ng'ombe, na kwa farasi hiyo ni sumu ya kumuua farasi kabisa, hata kidogo tu.

Watu huuliza kuhusu kupaka blanketi vitu ili farasi asiing'ate. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, isugue ikiwa kavu kwa mabega na kando ya shingo ya blanketi, kwa farasi wengine inafanya kazi, wengine wanaizoea baada ya siku mbili, na mvua ikinyesha unaanza upya. Oil chafu ya gari usiguse, inachoma ngozi na akiimeza ni shida ingine. Pilipili nayo, kama farasi wako anaenda mashindano achana nayo: kwenye Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi ya kuruka vizuizi yalifanyika Hong Kong, farasi wanne walipatikana na kapsaisini, ile inayofanya pilipili iwashe na iliyokatazwa mashindanoni, na Norwe wakapokonywa medali ya shaba ya timu.

Ikishindikana, tenganisha usiku. Waya wa umeme wa sola kati yao, na uweke laini mbili zenye nafasi ya mita mbili hadi tatu katikati, maana laini moja watapitisha shingo juu na kazi itaendelea. Wanaonana, wananusiana kwa mbali, hawafikiani. Au mbadilishie mwenzake. Niliwahi kuwa na dume moja changa, alimaliza blanketi tatu msimu mmoja wa mvua, tukamweka na jike mzee wa miaka ishirini na kitu. Usiku wa kwanza alijaribu, akapigwa teke moja la heshima. Hakurudia.

Ukinunua, angalia ile namba ya dinia, yaani unene wa uzi wa kitambaa: 600 ni nyepesi, kwa farasi mchezaji tafuta 1200 au 1680. Mikanda ya tumboni iache nafasi ya upana wa kiganja, ikilegea zaidi farasi anaingiza mguu na hapo unaweza kupoteza mnyama, si kitambaa. Tundu likiwa dogo peleka kwa fundi anayeshona turubai za lori, ana uzi na sindano ya kazi hiyo. Na kila asubuhi tembea padoki uokote vipande na nyuzi zote zilizoanguka, kwa sababu akimeza hizo, zinaweza kuziba matumbo, na daktari wa mifugo utamwita usiku.