Jinsi ya kuomba vibali vya utafiti wa kaya kuhusu afya ya akili, ulevi na majeraha Dar es Salaam

Anayetaka kupita nyumba kwa nyumba Dar es Salaam akiuliza watu kuhusu sonona, pombe, unga (yaani heroini na dawa za kulevya za namna hiyo) na majeraha anahitaji kibali cha maadili, barua za utambulisho kuanzia mkoani hadi mtaani na, kama ana washirika kutoka nje ya nchi, kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Nimetoka kusimamia maombi ya utafiti wa namna hiyo. Fomu za mtandaoni hazikutusumbua. Kilichotuweka benchi ni swali moja la kamati ya maadili: mtu akimwambia mdadisi wenu kwamba anafikiria kujiua, mtafanya nini saa ile ile? Nitakaa zaidi kwenye swali hilo, kwa kuwa ndilo linalorudisha maombi mengi ya fani hii, na kwa maoni yangu ni haki lirudishe.

Mahali pa kuanzia panategemea uko wapi na uko na nani. Mwanafunzi au mtumishi wa taasisi yenye kamati yake ya maadili aanzie huko. Utafiti wenye washirika wa kigeni, au ambao takwimu zake zitatoka nje ya nchi, lazima ufike kwenye kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), taasisi iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979. Utaambatisha itifaki, yaani maelezo kamili ya jinsi utafiti utakavyofanyika, hojaji na fomu za ridhaa kwa Kiswahili na Kiingereza, wasifu wa watafiti, bajeti, ratiba na barua ya taasisi yako. Omba namba ya malipo mapema, lipa, kisha pakia stakabadhi pamoja na nyaraka nyingine. Hayo yanajieleza.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Tafiti nyingi za sonona hutumia hojaji ya PHQ-9, yenye maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika wiki 2 zilizopita, ambayo alama zake huanzia 0 hadi 27, na watafiti wengi huchukua 10 kuwa kizingiti cha kumhesabu mtu ana dalili za sonona. Swali la 9 linahusu fikra za kufa au kujidhuru. Wajumbe wa kamati hulifungua hilo kwanza, halafu hutafuta kwenye itifaki yako nini kinafuata. Sentensi kwamba watakaobainika kuwa na dalili watapewa rufaa kwenda kituo cha afya kilicho karibu haitawaridhisha, kwa sababu kituo cha karibu huenda hakina mhudumu wa afya ya akili, na mtu aliyezama katika sonona hana nguvu ya kupanda daladala mbili kumtafuta asiyemjua.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, nenda hospitali utakayoitaja na urudi na barua. Kwa Dar es Salaam, hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Mwananyamala na Temeke, na juu yake ipo Muhimbili. Barua iseme wazi ni kitengo gani kitapokea watu wenu, siku gani kina kliniki, nani apigiwe simu siku ambazo hakuna kliniki, na nauli pamoja na gharama za kumwona daktari zitatoka kwenye fungu gani la bajeti yenu. Kwenye itifaki andika utaratibu wa hatua: jibu lolote la swali la 9 lililo juu ya sifuri linamfanya mdadisi aulize kama mtu ana mpango na ana njia ya kuutekeleza; akiwa navyo, mdadisi hamwachi peke yake, anampigia msimamizi, na msimamizi anampigia mtaalamu aliyetajwa. Eleza pia nani atafuatilia siku zinazofuata kujua kama mtu alifika kliniki. Rudufu ya barua ya hospitali iwe kiambatisho chenye namba yake, kwa maana wajumbe huitafuta.

Upande wa vilevi unahitaji mpango wake. Kwa pombe, hojaji ya AUDIT ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 10 na alama hadi 40; kwa vilevi vingine wengi hutumia hojaji ya ASSIST ya shirika hilo hilo. Tiba ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke, lakini methadoni ni kwa waraibu wa heroini na jamii yake. Haimsaidii mnywaji wa gongo wala mvutaji wa bangi. Itifaki inayowapeleka waraibu wote kliniki ya methadoni itarudishwa, na kwa kweli ingewaumiza watu: fikiria kijana aliyekusanya ujasiri wa kuomba msaada wa pombe, akafika dirishani akaambiwa huduma hiyo si yake. Tenga basi njia ya wanywaji, njia ya watumiaji wa heroini, na njia ya wale ambao wanahitaji ushauri nasaha tu.

Fomu ya ridhaa nayo itasomwa neno kwa neno, kwa sababu sheria iko karibu sana na hojaji yako. Kujaribu kujiua bado ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, na kutumia dawa za kulevya ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa hizo. Mtu anayekujibu kweli anajiweka hatarini kwa ajili yako. Fomu imwambie kwa maneno ya kawaida nani ataona majibu yake, na ni wakati gani pekee siri itavunjwa: maisha yake au ya mtoto yakiwa hatarini, na hapo atakayeambiwa ni mganga. Usiahidi siri kamili ukurasa wa kwanza kisha ukaweka masharti ukurasa wa tatu. Hilo kamati hulikamata upesi. Omba ruhusa ya kutumia namba badala ya majina kwenye hojaji, na orodha inayounganisha namba na jina ifungiwe mahali pengine. Kwa wasiosoma, weka alama ya dole gumba pamoja na shahidi. Kwa walio chini ya miaka 18, ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawahesabu kuwa watoto, weka ridhaa ya mzazi au mlezi na fomu ya kijana mwenyewe.

Kuhusu majeraha, watu hudhani ni sehemu nyepesi, kwamba utauliza bodaboda, kuanguka na kuungua halafu basi. Lakini anayeuliza majeraha bila kuuliza chanzo chake hajauliza kitu, na chanzo kikiwa kipigo cha nyumbani, mpigaji anaweza kuwa amekaa chumba cha pili. Sema kwenye itifaki kwamba maswali ya ukatili yataulizwa kwa mtu mmoja tu katika kila kaya, faraghani, na kwamba wadadisi wana maswali mengine ya kawaida ya kuhamia mtu akiingia. Waelekezwe pia kueleza fomu ya polisi ya PF3 kwa aliyejeruhiwa anayetaka kushtaki, bila kumshinikiza.

Faragha hiyo ieleze kwa picha ya Dar es Salaam yenyewe. Nyumba ya kupanga ya Manzese au Tandale ina vyumba vinavyotazamana, ukumbi mmoja katikati na uani kunakopikwa, kunakofuliwa na kunakokaa wapangaji wote. Kuandika kwamba mahojiano yatafanyika mahali tulivu nyumbani ni kuandika kitu kisichokuwepo. Sisi tuliomba kutumia chumba cha zahanati ya kata saa za alasiri, na pale mhojiwa asipotaka kuonekana akienda zahanati, achague mwenyewe mahali na saa. Kamati ilikubali, na naona ilikubali kwa sababu ilielezwa nyumba kama ilivyo.

Usisahau Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kama takwimu zitavuka mpaka, andaa mkataba wa kuhamisha takwimu mapema, usainiwe na pande zote, kwa sababu wanasheria wa chuo cha nje husoma taratibu kuliko kamati yoyote.

Cheti cha maadili kikitoka, safari ya barua za utambulisho inaanza. Unaomba mkoani kwa Katibu Tawala. Barua inashuka wilayani na kwenye halmashauri, kwa Mkurugenzi na Mganga Mkuu, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa. Mkoa una wilaya 5, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na kila moja ina masjala yake. Katika ofisi moja barua yetu ilielekezwa idara isiyohusika na ikakaa huko muda mrefu, huku kila dirisha likitutuma dirisha jingine, ilhali wadadisi waliokwisha kufunzwa wanasubiri na posho inakwenda. Kinga yake ni hii: kwenye mstari wa "Yah:" taja afya na kaya kwa maneno yasiyo na shaka, ambatisha cheti cha maadili hata kama hujaombwa, chukua namba ya jalada, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Ukija kuulizia ukiwa na namba ya jalada, karani wa masjala ana pa kukusaidia. Usipokuwa nayo, hata mwenye nia njema atashindwa.

Mtaani, mwenyekiti atakupa mjumbe wa kuwatembeza. Mshukuruni, awatambulishe, kisha aondoke kabla ya swali la kwanza. Swali lingine hujitokeza hapo, na nililisikia likiulizwa kwa nia njema kabisa: "Mkimaliza, majina ya wanaotumia unga mtatuachia, ili tuwasaidie?" Jibu ni hapana, na liwe limeandikwa kwenye barua ya utambulisho tangu mkoani, ili mdadisi kijana asilazimike kubishana na mzee wa mtaa mlangoni. Tulipomwonyesha mwenyekiti aya hiyo yenye mhuri wa serikali, alikubali, akaomba badala yake orodha ya huduma aibandike ofisini.

Cheti cha NIMR hudumu mwaka 1. Anza kuomba kuhuishwa kabla hakijaisha. Kila baada ya miezi 6 taarifa ya maendeleo huenda wizarani, NIMR na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya, na kuchapisha matokeo kunahitaji ruhusa ya NIMR. Ruhusa hiyo ikiwa mkononi, mwombe mwenyekiti tarehe ya mkutano wa mtaa mrudishe majibu kwa wenyewe waliojibu. Panapohusu unga au kujiua, toeni takwimu za wilaya nzima na msitaje mtaa, kwa maana mtaa mdogo ukitajwa watu watajua ni nyumba ipi.