Somo: Kutembea mtaani na kuuona msimu (Dar es Salaam)

Watu husema Dar ina misimu miwili tu, joto na joto kali. Mimi pia nilisema hivyo miaka mingi, nikipita mtaani kwetu Kinondoni ndani ya daladala, macho kwenye saa. Nilipostaafu niliambiwa na daktari nitembee kila asubuhi. Nikaanza kuvuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, naingia Oysterbay, nazunguka taratibu na kurudi nyumbani kunywa chai. Mwaka ulipotimia nikaona kwamba mji huu nilikuwa siujui kabisa. Kwa kuwa wengi mmeniuliza nafanyaje, naandika hapa hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Chagua njia moja, kisha uirudie

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Chagua mzunguko mfupi, dakika 30 au 40 zinatosha, na upite hapohapo angalau mara mbili kwa wiki. Ukibadili mitaa kila siku utaona vitu vingi, lakini msimu hutauona, kwa sababu msimu unaonekana pale unaposema, "Hiki wiki jana hakikuwepo."

Mwalimu wangu ni mwembe mmoja uliochungulia nje ya ukuta wa jirani. Mwezi wa 7 unajaa vishada vya maua ya rangi ya maziwa yenye wekundu kwa mbali, nzi na nyuki wanavuma humo utadhani kuna mashine. Mwezi wa 9 chini yake pamejaa viembe vilivyopukutika, kimoja sawa na gololi. Kufika mwezi wa 11 watoto wanaotoka shule wanapita na mawe mfukoni. Maembe yakiisha, mti unatoa majani mapya, na haya ndiyo ninayoyapenda kuliko hata embe lenyewe. Yanatoka na rangi ya shaba, laini kama kitambaa, yananing'inia yamelegea mtu akadhani mti unakufa. Siku chache baadaye yanakakamaa na kuwa kijani. Nilipita chini ya miembe maisha yangu yote bila kuliona hilo.

Hatua ya 2: Toka mapema

Saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, au jioni kuanzia saa 11. Angalia pia jua lenyewe. Mwezi wa 11 linachomoza kabla ya saa 12, mwezi wa 7 mpaka saa 12 na nusu ipite. Na kila mwaka, karibu na tarehe 11 Oktoba na tena karibu na tarehe 3 Machi, jua la mchana linasimama juu ya kichwa hapa Dar. Nenda kasimame kando ya nguzo ya umeme siku hiyo, karibu saa 6 na dakika 10 ikiwa ni Oktoba, au saa 6 na nusu na dakika chache ikiwa ni Machi, uone kivuli chake kinavyomezwa na nguzo yenyewe.

Hatua ya 3: Jua upepo gani unavuma

Wazee wa pwani hawakuhitaji kalenda ya ukutani. Kusi inavuma kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 9 hivi, kaskazi inaingia kuanzia mwezi wa 11 au 12 mpaka wa 3, na katikati kuna maleleji, siku ambazo hata jani la mnazi halitikisiki. Tazama nguo kwenye kamba zinaelekea wapi. Kipupwe, mwezi wa 6 na wa 7, utawaona walinzi wa getini wamevaa masweta na kofia za sufu, na mama wa maandazi kazungukwa na wateja wanaoota moto wa jiko lake.

Vuli ikikaribia, inua macho. Mbayuwayu waliotoka Ulaya wanajipanga kwenye nyaya za umeme, na watakaa nasi hadi mwezi wa 4. Kerengende nao wanatokea makundi kwa makundi juu ya nyasi. Wanasayansi wanaamini wengi wao wanavuka Bahari ya Hindi kutoka India, wakibebwa na pepo za msimu zilezile zilizoleta majahazi. Mdudu mwenye mabawa kama karatasi ya sigara! Tangu nisome habari hiyo siwezi kuwapita bila kusimama.

Hatua ya 4: Simama, sogea karibu

Mkrismasi ukichanua kuanzia mwishoni mwa mwezi wa 10, kila mtu anauona kwa mbali, maana barabara nzima inawaka. Wewe okota ua moja lililoanguka. Lina petali tano. Nne ni nyekundu tupu, zimekaa kama vijiko. Ya tano imesimama peke yake, nyeupe na njano, ina madoa na michirizi mekundu kana kwamba mtu aliipaka kwa brashi ndogo. Kabla ya hapo mti ulikuwa umepukutisha majani, umebaki na maganda ya mbegu meusi marefu yanayolia kama kayamba upepo ukipita.

Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, kesho yake asubuhi tazama chini ya taa za baraza. Utakuta marundo ya mabawa ya kumbikumbi, maelfu, yanapeperuka ukiyapulizia. Ukibahatika utawaona wenyewe, wameshavua mabawa, wawili wawili, dume kamfuata jike nyumanyuma wakitafuta tundu ardhini la kuanzia nyumba.

Bogenvilia zinapendeza zaidi wakati wa ukavu. Ile rangi ya zambarau si ua bali ni majani. Ua ni kile kijinyota cheupe katikati.

Hatua ya 5: Adabu ya mtaa wa watu

Unatembea mlangoni kwa watu, kwa hiyo salimia. Shikamoo kwa wazee, habari za asubuhi kwa mlinzi na mfagia barabara. Usichume, hata tawi likiwa limetoka nje ya ukuta. Kilichoanguka barabarani okota. Usipige picha nyumba wala geti. Kule Oysterbay na Masaki kuna makazi ya mabalozi, na simu ikiinuliwa tu unaitwa. Ukiulizwa, "Unamtafuta nani?" usikasirike. Jibu, "Natembea tu, natazama miti." Mara ya kwanza watashangaa, mara ya tatu watakuambia wenyewe ule mti wa nyuma umeanza kuchanua.

Hatua ya 6: Andika

Daftari dogo, tarehe na mstari mmoja. Basi.

MASWALI YA WASOMAJI

*Swali (Tandale): Shikamoo mama. Mtaani kwetu nyumba zimebanana, hakuna miti ya kutazama. Somo hili si la Oysterbay tu?*

Marahaba mwanangu. Si la Oysterbay tu. Msimu wa uswahilini unaanzia gengeni. Mahindi ya kuchoma baada ya masika, machungwa ya Muheza yaliyopangwa mafungu katikati ya mwaka, mananasi ya Kiwangwa na maembe kuelekea Krismasi, kisha zambarau zinazoacha ulimi na rangi ya wino. Tembea genge kwa genge uone nini kimeingia na nini kimepanda bei. Na utazame mwanga, kwa kuwa jua la mchana likihamia kusini, mlango uliokuwa kivulini mwezi wa 6 unapigwa jua mwezi wa 12. Ndiyo maana mabaraza yanahama na watu wanahama nayo.

*Swali (Tabata): Kunguru wamenishukia kichwani mara mbili mahali pamoja. Nifanye nini?*

Wana kiota hapo juu, wanalinda makinda. Pita upande wa pili wa barabara kwa wiki kadhaa, au chukua mwavuli. Makinda yakishaanza kuruka wataacha. Kiota chenyewe kitazame kwa mbali, utaona kimefumwa na vipande vya waya.

*Swali (Mikocheni): Mimi natoka kazini giza limeingia. Kuna faida yoyote?*

Ipo, tumia pua. Asumini inanukia zaidi usiku. Na kama una mbuyu jirani, mwezi wa 11 na wa 12 upitie wakati wa magharibi. Ua lake jeupe, kubwa kama kikombe, linaning'inia kichwa chini. Linafunguka jua likizama, popo wanalitembelea usiku, na kesho limeanguka. Lina harufu nzito, si nzuri sana, lakini huisahau. Tembea na mwenzio, pita palipo na taa, na uangalie mifuniko ya mitaro.

*Swali (Nairobi): Huku kwetu je?*

Nyinyi mna jakaranda, kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 11 hivi. Toka asubuhi mapema kabla magari hayajapita, ukute zulia la zambarau bado zima.

*Swali (Sinza): Dada, masika unatembea kweli?*

Natembea mdogo wangu, mvua ikikatika. Mvua ikiwa kubwa sitoki, na maji yakiwa yanakimbia barabarani sivuki hata kama yanafika kwenye vifundo tu. Ila asubuhi ya masika, baada ya mvua ya usiku kucha, jongoo wakubwa wanatambaa ukutani, na kwenye minazi mnana wanachana majani uzi kwa uzi kufumia viota. Wiki iliyopita nilimwona mmoja akirudia fundo lilelile mara nne. Chai ilipoa nyumbani.