Migomba, mafunjo na bati: jinsi ya kujenga uwanja wa vita wa mezani ukiwa hapa Kampala

Wengi wetu tukianza hii michezo ya vita ya mezani pesa yote inaishia kwa vile visanamu vya askari, alafu unawapanga juu ya meza ya kulia chakula na vitabu viwili vimefunikwa kitambaa, eti ndo vilima. Mimi nilikaa hivo karibu mwaka mzima. Nikaingia kwenye video za wazungu nikakuta wanatengeneza misonobari na theluji na kuta za mawe, na kila wanachoshika mkononi kinatoka duka ambalo hapa halipo, ukiagiza ushuru na usafiri unazidi bei ya kitu chenyewe. Nikakata tamaa kidogo. Mpaka siku moja niko nyuma ya boda pale kwenye kinamasi cha Lubigi naangalia mafunjo, nikajiuliza, sasa mimi misonobari ya nini?

Basi nitaeleza vile nafanya mimi, kwa vitu vya soko la Owino, vya hadiwea, na vya jikoni. Meza ninayoitolea mfano ni ya Bukoba, Juni 1915, pale Waingereza walipovuka ziwa kutoka Kisumu kwenda kubomoa kituo cha redio cha Mjerumani, wakapigana siku mbili hivi. Nimeichagua kwa sababu ya uvivu tu bana: nchi ya kule ni migomba na vilima na ziwa, kama huku, nikitaka kujua kitu kinakaaje sihitaji kitabu, natoka nje.

Kwanza vipimo, manake hapa ndo watu wanaharibu. Askari wengi wa mezani ni wa urefu wa milimita 28, na hiyo kwa kukadiria ni mara 56 ndogo kuliko mtu wa kweli. Kwa hiyo chukua urefu wa kitu halisi kwa sentimita, gawa kwa 56. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 3.6, lakini wewe fanya 4 kwa sababu askari amesimama juu ya kitako, kile kisahani cha chini ya miguu yake, na bila hivo ataonekana anainama kuingia kwake. Mgomba wa mita 4 unakuwa sentimita 7. Mafunjo nayo sentimita 7 mpaka 8. Andika hizi namba ukutani, usikadirie kwa jicho, jicho linadanganya.

Meza yenyewe kwa kawaida ni sentimita 120 kwa 180. Usinunue ubao mmoja mkubwa, utaupitisha wapi? Plaiwudi moja nzima ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande vinane vya sentimita 60 kwa 60, sita ndo meza yako na viwili vya akiba, ya ziwa au ya kilima. Fundi seremala anakukatia palepale kwa mashine, na usiondoke bila kumuomba kaveera moja, mfuko wa plastiki, wa unga wa mbao, huo anautupa na wewe utauhitaji. Ukifika nyumbani paka rangi pande zote mbili za kila kipande, juu na chini, kabla ya kitu kingine chochote. Ukipaka juu peke yake gundi ikikauka inavuta ubao unapinda kama chapati iliyosahaulika kwenye moto.

Vilima natengeneza kwa stairofomu, ile povu nyeupe inayokuja na TV au friji. Wauzaji wa vifaa vya umeme wanazitupa nyuma ya duka, ukiomba vizuri wanakupa bure. Kata kwa kisu chenye makali mapya, kisu kibutu kinang'oa vipunje na utavifagia wiki nzima. Panga tabaka juu ya tabaka, bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, choma vijiti vya mishikaki katikati vishike, acha mpaka kesho. Alafu funika kote kwa vipande vya gazeti na gundi iliyochanganywa na maji, matabaka mawili, hapo vile vipunje vinapotea na kilima kinakuwa kigumu.

Sasa sikia. Kilima changu cha kwanza nilikipulizia rangi ya kopo, ya gari, moja kwa moja juu ya stairofomu. Nikasikia sauti kama ya soda. Nikaona shimo, alafu mashimo, alafu kilima kikaanza kukaa chini polepole kama mtu aliyepewa habari mbaya. Kile kimiminika kinachobeba rangi ya kopo kinayeyusha hiyo povu, na supaglu nayo vilevile. Funika kwanza na gazeti na gundi, paka rangi ya maji ya ukutani, ndo baadaye ukitaka upulizie. Kilima cha pili nikatumia uji wa unga wa ngano badala ya gundi, kubana matumizi. Panya wakala kona yote ya kaskazini. Nunueni gundi jamani.

Udongo ndo kitu rahisi kuliko vyote kwa mtu wa Uganda. Muramu, ule udongo mwekundu wa changarawe wa barabarani, uchekeche na chujio la chai, la zamani lakini, si la mama mwenye nyumba, kaanga kwenye sufuria kuukuu dakika kumi hivi wadudu wafe, unapata vumbi laini na changarawe ndogo mbalimbali. Changarawe mwaga kidogokidogo kwenye kona na chini ya miteremko, vumbi mwaga kwenye njia. Chini weka gundi nyeupe, ukishamwaga puliza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, alafu dondosha gundi nyepesi juu. Ile sabuni inafanya maji yasisimame kama shanga, yanazama. Shida ni moja, muramu ukishanywa gundi unageuka kahawia nzito kama umenyeshewa, na watu wanashangaa udongo wao wa kweli unaonekana wa uongo. Hapo unapaka upya. Mimi natumia ile oksaidi nyekundu ya unga ya kuweka kwenye sakafu za saruji, naichanganya na rangi nyeupe ya ukutani na njano kidogo. Tena usiifanye nyekundu kama nyanya, angalia barabara saa sita mchana kiangazi, karibu ni ya machungwa iliyopauka, wekundu wenyewe uko kwenye mitaro tu.

Haya, migomba. Hapa ndo utakaa siku nyingi na hapa ndo meza inapata uhai, kwa hiyo sitafupisha.

Shina ni kijiti cha mshikaki cha sentimita 5, pamoja na sentimita 2 zaidi za kuchoma kwenye ubao. Kizungushie karatasi ya choo iliyolowa gundi, chini nene, juu nyembamba, alafu ikiwa bado mbichi ibonyeze iwe na mikunjo ya wima. Majani nakata kwenye karatasi ya manila nyembamba. Jani moja ni urefu wa sentimita 4 mpaka 5, upana sentimita 1 na nusu, umbo la mtumbwi. Kwa katikati nabandika uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa simu wa zamani, huo ndo uti wa jani, unaachwa utokeze sentimita moja chini uwe mkono wa kuchomeka kwenye shina. Likikauka likunje kidogo kufuata uti, kisha linyooshe tena nusu, lipate ile V. Paka kijani pande zote mbili.

Alafu kitu ambacho nilichelewa sana kukijua: chukua mkasi mdogo upasue jani kutoka pembeni kwenda kwenye uti, mara sita, mara nane, bila mpangilio. Hakuna jani la mgomba zima nje ya video, upepo unachana yote isipokuwa lile changa la katikati ambalo bado limejiviringisha limesimama kama sigara. Hilo nalo liweke, moja kila mgomba, kijani cha kukaribia njano. Yanayobaki saba au nane, ya juu yasimame, ya katikati yainame kwa upinde, na mawili ya chini yaning'inie kabisa yakigusa shina, hayo yapake kahawia. Kwa yale makavu kabisa mimi sipaki, nachukua makoko ya mgomba wa kweli, yale wanayofungia vitu sokoni, nachana nyuzi nabandika. Mgomba umevaa mgomba.

Usiipande mmojammoja kwa mistari kama nguzo za umeme. Shamba la matoke ni mashina matatu, mama na mtoto na mjukuu, wametoka sehemu moja. Nakata vitako vya plastiki vya sentimita 6, kila kimoja kinabeba mafungu mawili na majani makavu yametapakaa chini, ili wakati wa mchezo ukitaka kupitisha askari unaondoa kitako kizima unaweka pembeni. Chini ya migomba ni giza, usipake udongo mwekundu pale, paka kahawia ya kukaribia nyeusi. Majani ya chai yaliyotumika yanafaa sana kwa takataka za chini, ila yakaushe mpaka yalie yakikunjwa, nilishawahi kuyaweka mabichi msimu wa mvua na baada ya wiki mbili shamba lote limeota ukungu mweupe, na harufu siisemi.

Mafunjo ni haraka. Kijiti cha ufagio wa nje, juu unafunga nyuzi za kamba ya katani zenye urefu wa sentimita moja na nusu, unaweka tone la gundi, ikishika unazitandaza kwa kidole ziwe kama mwavuli. Mia moja kwa jioni moja ukiwa na redio na mtu wa kupiga naye stori. Rangi: kichwa kijani cha kung'aa, na chini theluthi moja ya bua kahawia ya majani yaliyokufa, hiyo kahawia watu wanaisahau na ndo inafanya lisionekane ua la plastiki. Choma kwa msongamano, mpaka uone huwezi kuingiza askari, kwa sababu na kweli huwezi.

Maji ya ziwa, mimi situmii rezini, ni ghali, na ukimwaga nene inapata moto inapasuka. Nabandika karatasi ya choo na gundi, naisukuma kwa brashi mbichi itoe mawimbi madogo, napaka kijani chafu karibu na ufuko na buluu ya kijivu mbali, alafu vanishi ya maji inayong'aa, matabaka matano membamba. Iwe ya maji kweli. Ile ya mafuta inageuka njano, na ikipata tundu la kuingilia kwenye stairofomu unajua tayari kitakachotokea.

Nyumba: kuta ni katoni ngumu iliyopakwa jasi nyembamba, na jasi ikianza kukaza unachora matofali kwa msumari pembeni tu ya madirisha na kwenye kona, kama plasta imebanduka. Usichore ukuta mzima, macho yatachoka na wewe utachoka. Paa la bati watu wanachubua boksi wanatumia yale mawimbi ya ndani, lakini piga hesabu, wimbi la bati la kweli ni kama sentimita 7 na nusu, gawa kwa 56 unapata milimita 1 na kidogo, mawimbi ya boksi ni makubwa mara nyingi, nyumba inaonekana imeezekwa mapipa. Chukua foili ya vile visahani vya chakula cha kubeba, ilaze juu ya chanuo lenye meno madogo, sugua na ukucha. Linatoka bati. Kata vipande vya sentimita 2 kwa 4, bandika kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kinapanda kidogo juu ya mwenzake, viwili vitatu vikae upande. Kutu ni ile oksaidi yako, maji mengi, dondosha juu iache itiririke yenyewe.

Nyumba ya nyasi ni taulo kuukuu lililolowa gundi, unalichana kwenda chini na chanuo hilohilo. Basi.

Kumalizia rangi, kila kitu kinapita hatua tatu. Rangi nzito ya msingi. Kisha maji ya kahawia nyeusi yenye tone la sabuni, yanaingia kwenye mifereji. Kisha brashi kavu: chovya kwenye rangi nyepesi, ipanguse kwenye gazeti mpaka uone kama haina kitu, alafu ndo upitishe juu juu. Ukidhani umepangusa vya kutosha, pangusa tena.

Mnara wa redio nimeuacha mwisho, vijiti vinne vya mishikaki na uzi wa kushonea, mrefu kiasi cha kuonekana juu ya migomba ukiwa ufukweni, ili anayecheza Mwingereza aone anakokwenda na asione kilichoko katikati. Uwe wa kuchomoka. Vipande vyote sita nabeba kwa boda vimesimama ndani ya boksi la TV, migomba kwenye boksi la viatu, na mnara nashika mkononi, na kila mara dereva ananiuliza hiyo ni antena ya nini.