Betri ya Tochi Niliyoipima kwa Mizani ya Dhahabu

Hapa Katoro, ukisimama jioni kwenye njia ya machimboni, utaona mwanga unapita mmoja mmoja gizani. Kila mtu ana tochi kichwani. Zikiharibika zinaletwa kwangu. Swichi iliyolegea, waya uliokatikia shingoni, taa iliyoungua, hayo ni mambo ya dakika kumi. Kinachonichosha ni betri, na ombi ni lile lile kila siku: "Fundi, nipe ile ya elfu tisa na mia tisa."

Anamaanisha 9,900 mAh, namba iliyochapwa kwa herufi nene kwenye ganda. Mimi hiyo siuzi. Watu wanadhani naringa, au nataka wanunue ya bei kubwa. Ngoja nieleze.

Betri tunazozizungumzia zimeandikwa 18650. Si namba ya bahati nasibu, ni vipimo: unene milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho inasema ni ya duara kama bomba. Ipo na kaka yake mnene, 21700, unene 21 na urefu 70. Hiyo mAh ni ujazo, kama lita za dumu. Zile 18650 za kampuni zinazojulikana, yaani Samsung, LG, Panasonic, Molicel, na Murata iliyonunua biashara ya betri ya Sony, nyingi ziko kati ya 2,500 na 3,500. Ya 21700 inafika 5,000 kweli. Sasa mtu akikuletea dumu la lita ishirini ameliandika "lita sitini", wewe utabishana na maandishi au utaliangalia dumu?

Jirani yangu wa kibanda cha pili ananunua dhahabu. Ana mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya gramu. Siku moja mteja alinibana sana na 9,900 yake, mpya, ameitoa kwenye karatasi mbele yangu. Nikaichukua, nikachukua na Samsung ya zamani niliyokuwa nayo mezani, tukaingia kwa jirani. Samsung: gramu 46. Ya 9,900: gramu 29. Yule bwana akaomba zirudiwe. Zikarudiwa. Jirani akacheka, akasema dhahabu ya namna hiyo angemfukuza mtu.

18650 halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 49 hivi, kwa sababu ndani kuna karatasi ndefu za shaba na alumini zilizopakwa dawa na kuviringishwa zikabanana. Uzito ndio umeme wenyewe. Ikishuka chini ya gramu 40, weka chini, usiulize bei.

Lakini mizani haimalizi kazi, maana wajanja nao wana akili. Kuna moja niliyoitilia shaka ingawa ilikuwa nzito kidogo. Niliichaji kwenye chaja inayohesabu, nikaitoa umeme wote, ikasoma 740 mAh. Nikaiacha mpaka ikaisha kabisa, nikaenda nje kwenye uwazi na kulikata kopo. (Usinifuatishe. Betri yenye chaji ukiikata inakuwakia mkononi.) Ndani yake kulikuwa na kibetri chembamba kama kidole changu cha mwisho, na pembeni unga mweupe umeshindiliwa kujaza nafasi. Mtu alikaa kiwandani akapima unga!

Kwa hiyo nikitaka kununua, kwanza nasoma ganda kutafuta jina la modeli, si ukubwa wa namba. Betri halisi ina kitu kama INR18650-35E. Herufi zile zina maana: I ni litiamu-ioni, herufi ya pili ni dawa ya ndani, C ikiwa kobalti, M manganizi, N nikeli, na R ni umbo la duara. Za ICR zinashika umeme vizuri lakini zikiudhiwa zina hasira kuliko hizo nyingine. Kwa tochi mimi nachukua INR. Kama ganda limejaa picha ya moto na radi lakini halina jina la modeli wala la kampuni unayoweza kuitafuta, rudisha.

La pili, nauliza tochi yenyewe inakula kiasi gani. Tochi ya kawaida ya kichwani haifiki hata ampea mbili, betri yoyote ya kweli inaiweza. Lakini kuna hizi tochi za walinzi zinazomulika hadi ng'ambo ya bonde, zinavuta ampea tano, nyingine zaidi. Hapo betri yenye ujazo mkubwa si lazima iwe ndiyo bora. Betri ya 3,000 iliyoandikwa inaruhusu ampea 15 itafanya kazi bila kuchemka, wakati nyingine ya 3,400 iliyotengenezwa kwa matumizi ya taratibu itapata joto na kuzeeka haraka.

Halafu kuna jambo la ulinzi, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo. 18650 inayotoka kiwandani ni kopo lenye ganda tu. Haina saketi ya kuizuia isijae kupita kiasi, isiishe kupita kiasi, au isipige shoti. Wenye viwanda wenyewe huziuza ziingie kwenye laptopu na mashine zenye saketi ya kulinda, si kutembea nazo mfukoni. Mwaka 2021 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wananchi wake juu ya kununua na kutumia hizi zilizo peke yake. Kampuni za tochi kama Fenix na Nitecore zinachukua betri hizo hizo, zinaweka kisaketi kidogo cha duara upande wa hasi, kisha zinavalisha ganda jipya. Ukipitisha ukucha pembeni utahisi ukanda mwembamba chini ya plastiki unapanda kutoka hasi hadi chanya. Na urefu unaongezeka, unakuwa kama milimita 69 badala ya 65.

Tochi nyingi za kichwani tunazouziwa hazikati umeme betri inapoisha. Zinaendelea kufifia tu, na mtu aliye chini duarani, yaani ndani ya shimo la dhahabu, anaendelea kuiwasha mpaka betri inakufa. Kwa tochi hizo mimi nasema bila kumung'unya: chukua yenye ulinzi. Nenda na tochi yako dukani ujaribu kama mfuniko unafunga, kwa sababu ya urefu huo. Isipofunga usilazimishe. Na kama betri yako ina kichwa bapa na tochi inataka chenye kinundu, usiweke kisumaku katikati. Kisumaku kikiteleza milimita mbili tu, umepiga shoti.

Kwa nini milimita mbili? Angalia betri upande wa chanya. Utaona kitufe katikati, na kuzunguka kitufe kuna kipete cha karatasi. Chini ya kipete hicho, ukingo wote wa kopo ni hasi. Kopo zima ni hasi, kuanzia chini hadi shingoni. Kinachotenganisha chanya na hasi pale juu ni karatasi na plastiki nyembamba kuliko ya mfuko wa maandazi. Ganda likichanika hapo, betri ile nzima ni hatari, hata kama ni mpya na ya Kijapani. Maganda mapya yanauzwa, unavalisha na kulibana kwa hewa ya moto kidogo. Ni kazi ya dakika mbili, na kwangu naifanya bure.

Hili nililijua kwa ngozi yangu. Nilikuwa nyuma ya bodaboda, mfukoni nina betri moja isiyo na kikasha niliyotoka kununua, na chenji za sarafu za mia mbili. Nilihisi joto la paja nikadhani ni jua. Sekunde chache baadaye nikaruka pikipiki ikiwa bado inatembea. Sarafu ilikuwa imelala juu ya kitufe na ukingo kwa pamoja. Kovu ninalo. Tangu siku hiyo betri kwangu inatembea ndani ya kikasha cha plastiki, na ukinunua kwangu bila kikasha naizungushia karatasi na utepe kabla hujaondoka.

Tochi za betri mbili zina adabu yake. Nunua mbili siku moja, aina moja, na ziishi pamoja kama mume na mke. Mimi naandika kwa kalamu nzito: 1A na 1B, na mwezi wa kununua. Zinachajiwa pamoja, zinatumika pamoja, zinatupwa pamoja. Ukichanganya iliyojaa na iliyochoka kwenye tochi iliyozipanga moja nyuma ya nyingine, ile iliyochoka inaisha mapema na mwenzake anaisukuma kinyumenyume. Hapo ndipo tochi inageuka bomba la baruti. Kama hujui utazitunza, nunua tochi ya betri moja. Mimi mwenyewe ndiyo ninayovaa.

Na angalizo la haraka: ipo betri ya litiamu iitwayo 14500, umbo lake sawasawa na ile ya rimoti iitwayo AA. Ya rimoti ni volti 1.5, hii ni 3.7. Ukiiweka kwenye kitu kisichokuwa chake unakiunguza.

Chaja. Watu wanatoa hela kwenye betri halafu wanachajia waya wa bure uliokuja na tochi. Litiamu ya kawaida inajaa kwenye volti 4.20, na hapo chaja inatakiwa ikate. Ya bure nyingine haikati. Namna ya kujua ni rahisi: taa ikionyesha imejaa, toa betri, pima kwa mita. Ikisoma 4.15 hadi 4.22, sawa. Nikiona 4.25 na kupanda, chaja hiyo naivunja waya mbele ya mwenyewe ili asije akampa mdogo wake. Iache betri iliyojaa wiki moja mezani upime tena. Iliyo nzima itakuwa imeshuka kidogo sana. Ikishuka chini ya 4.0 bila kutumika, inavuja ndani kwa ndani, haifai.

Usichajie kitandani. Najua soketi iko karibu na kitanda, hata kwangu ilikuwa hivyo. Lakini chandarua, godoro na betri havikai pamoja. Mimi nachajia ndani ya sufuria kuukuu juu ya sakafu ya saruji, nikiwa macho. Betri ikipata moto mpaka huwezi kuishika, ikitoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, au ikianza kutoa mlio kama wa nyoka, chomoa kwenye ukuta kama unaweza, itoe nje kwa koleo, ondoka. Moshi wake ni sumu. Imeshawaka? Maji mengi yanasaidia, yanaipoza. Chini duarani ni kupanda juu kwanza, tochi utanunua nyingine.

Kuna wanaoniuliza kuhusu betri za laptopu mbovu. Ndani yake mara nyingi kuna Samsung au LG za kweli, na naziokoa, ila kwa masharti. Nikiikuta chini ya volti 2.5 siigusi tena, kwa sababu betri ikikaa tupu muda mrefu shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji inajenga shoti humo humo. Zilizobaki nazipima ujazo. Yenye 1,800 ya kweli inamulika kuliko 9,900 ya unga. Nauza kwa ajili ya redio na taa za nyumbani. Kwa tochi inayovaliwa kichwani, hapana, hata unibembeleze.

Zilizokufa nazifunga utepe pande zote mbili na kuzitia kwenye ndoo ya mchanga mkavu nyuma ya mlango. Niletee zako pia, usizitupe jalalani watoto wakazichomee taka.

Na kama una betri unayoitilia shaka, njoo tuipime. Ila njoo kabla ya saa nne asubuhi. Jirani akishaanza kupima dhahabu, mizani sipewi.