Somo: Kuchagua, kufunga na kutumia kamera ya ulinzi isiyo na waya nyumbani

Assalaam alaykum wanachama. Masuali ya kamera za ulinzi yamekuwa mengi, na mengi kati ya hayo huulizwa baada ya kamera kwisha kununuliwa. Mtu hutoka dukani Darajani na boksi lake mkononi, akifika nyumbani anakuta soketi iko ndani na pahala anapopataka ni nje, au waifai yake haivuki ukuta wa ukumbini. Kwa hivyo somo hili linaanza na nyumba yenyewe, na kamera itafuata baadaye.

Hatua ya 1: Izunguke nyumba

Izunguke nyumba yako mara moja mchana na mara moja usiku, uandike njia ambazo mtu anaweza kuingilia. Kwa nyumba nyingi za Unguja na Pemba njia hizo ni chache: mlango wa mbele wenye baraza, mlango wa uani, na ukuta wa nyuma ulio karibu na mti au tangi la maji ambalo mtu anaweza kulikwea. Kamera moja iliyowekwa vizuri mlangoni ina faida zaidi kuliko tatu zilizotawanywa bila ya mpango.

Kisha simama pale unapokusudia kuifunga, ufunge milango yote kama inavyofungwa usiku, na ufungue video kwenye simu iliyounganishwa na waifai ya nyumbani. Ikiwa video inakwama mkononi mwako, na kamera itakwama. Kamera nyingi za bei ya kawaida hutumia masafa ya GHz 2.4 tu, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi kuliko GHz 5, kwa hivyo hakikisha simu imeshika masafa hayo unapofanya jaribio. Wakaazi wa Mji Mkongwe walipe jaribio hili uzito wa pekee, kwani kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene mno, na mbili tu zinaweza kuumaliza mtandao wote.

Hatua ya 2: Utafute umeme wake

Kamera hizi hupeleka picha kwa njia ya hewa, lakini nyingi bado zinahitaji waya wa umeme saa zote. Za betri zipo, na nyingi ya hizo hulala mpaka kihisi chao kione joto la mwili likipita, ndipo zinaamka na kurekodi. Sekunde za mwanzo huweza kupotea. Kwa mlango wa mbele mimi napendelea kamera ya waya wa umeme, na ya betri naiacha kwa pahala pasipofika waya.

Umeme ukikatika, kamera na ruta inayotoa waifai huzimika pamoja, na giza ndio wakati ambao mwizi anaupenda. Hakuna haja ya kuwakumbusha wenyeji wa Unguja kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme kwa hitilafu ya mfumo wa waya wa chini ya bahari unaotoka Bara. Lakini hata kukatika kwa saa mbili kunatosha kuharibu ulinzi wote. Ruta nyingi hutumia volti 12 na kamera nyingi ndogo hutumia volti 5, na madukani kuna vibetri vidogo vya akiba vyenye matundu ya volti zote mbili. Kamera inayokula wati 4, ikipata betri ya mAh 10,000 peke yake, inaweza kukaa saa sita au zaidi kidogo. Kabla ya kununua, uliza kama betri inaweza kutoa umeme huku yenyewe ikichajiwa, kwa sababu si zote zinazoweza, na isiyoweza itaiacha kamera izime wakati huo huo unapoitegemea. Ongeza pia kifaa cha kukinga umeme mkubwa, mfano wa kile kinachowekwa kwenye friji, maana vifaa vingi huungua umeme unaporudi.

Hatua ya 3: Sasa nenda dukani

Majina kama Tapo, Ezviz, Imou na Reolink yanajulikana na programu zao zinaeleweka. Sitakuambia ununue lipi. Angalia mambo manne tu.

La kwanza ni picha. Pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha kwa nyumba ya kawaida, ila ujue mpaka wake: kwa lenzi ya upana wa nyuzi 100, uso wa mtu usiyemjua utatambulika kwa uhakika hadi kiasi cha mita 3, na mtu unayemjua utamtambua hadi mita 6 hivi. Zaidi ya hapo utaona kuwa kuna mtu, basi.

La pili ni kuvumilia mvua. Kwa nje tafuta alama ya IP65 au IP66, ambayo maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayadhuru. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu chumvi, nayo kwetu ndiyo inayokula skurubu na vichwa vya waya. Ukikaa Nungwi, Jambiani au Mkoani karibu na pwani, nunua skurubu za chuma kisichoshika kutu hata kama zilizomo kwenye boksi zinang'aa.

La tatu ni kadi ya kumbukumbu. Kamera inayorekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hujaza GB 21 hivi kwa siku, kwa hivyo kadi ya GB 64 itabeba kama siku tatu kabla ya kuanza kufuta za zamani. Ukiiamuru irekodi pale panapokuwa na mwendo tu, siku hizo huongezeka sana. Kadi za bandia ni nyingi, zimeandikwa GB 128 na ndani hazimo. Nunua kwa muuzaji atakayekubali uirudishe.

La nne ni taa ya usiku. Kamera nyingi huona gizani kwa mwanga usioonekana na macho yetu, na picha hutoka nyeupe na nyeusi. Ukitaka kujua rangi ya nguo ya mtu, chagua yenye taa nyeupe inayowaka yenyewe mtu anapokaribia.

Hatua ya 4: Kufunga, na sitara ya jirani

Urefu wa mita 2.5 hivi unafaa. Wengi huipandisha mpaka chini ya paa ili isifikiwe, na matokeo yake wanapata picha safi ya kofia na mabega bila ya uso. Usiielekeze mashariki wala magharibi moja kwa moja, kwa sababu jua la asubuhi au la magharibi litaugeuza uso wa mgeni kuwa kivuli kitupu. Mdomo wa waya uangalie chini, na kabla ya waya kuingia ukutani uache mkunjo unaoning'inia, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye soketi.

Ukuta wa chokaa wa zamani humomonyoka ukitobolewa, basi ni bora kuifunga kwenye ubao au boriti. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na uso wa nje wa majengo yake una utaratibu wake; waulize Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kugusa ukuta wa mbele au mlango wa nakshi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika hatua hii ni sitara. Nyumba zetu zimejengwa kwa ua ili watu wa nyumbani wakae kwa raha, wapike, wafue na kukaa bila ya ushungi, na kamera iliyopandishwa juu inaweza kuuvua ua wa jirani bila ya mwenyewe kukusudia. Baada ya kufunga, fungua picha kwenye simu uichunguze pembe kwa pembe. Ukiona dirisha, mlango wa choo au ua wa mwenzako, igeuze kamera. Isipowezekana, programu nyingi zina sehemu ya kufunika eneo, ambapo unachora mraba na eneo lile linakuwa jeusi hata katika kumbukumbu. Wapangaji, wasaidizi wa nyumbani na wageni waambiwe wazi ilipo kamera, na vyumbani mwa kulala isiwekwe kabisa.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Weka programu ya kampuni kwenye simu, fungua akaunti, kisha fuata maelekezo ya skrini. Kamera ikikataa kushika waifai, mara nyingi simu imeshika GHz 5; zima masafa hayo kwenye ruta kwa muda, ukimaliza uyarudishe.

Neno la siri lililokuja na kifaa libadilishwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi duniani, na njia yake kubwa ilikuwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Tumia neno refu usilolitumia kwengine, washa uthibitisho wa hatua mbili ikiwa upo, na ruhusu programu ya kamera ijisasishe.

Mwisho rekebisha saa iwe ya Afrika Mashariki. Kamera huandika 20:15 pale sisi tunaposema saa mbili na robo usiku. Ikitokea ukatoa maelezo kituo cha polisi, eleza kwa namna zote mbili ili isitokee tofauti ya saa sita kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Kuitunza

Kila mwezi ifute lenzi kwa kitambaa laini kilicholowa maji matamu, kwa sababu upepo wa kusi huleta chumvi inayoganda kama ukungu. Ondoa utando wa buibui. Uzi mmoja mbele ya lenzi, ukipigwa na mwanga wa usiku, hung'aa mweupe picha nzima, na ukitikiswa na upepo simu yako italia usiku kucha mpaka uamue kuzima taarifa zote. Cheza pia rekodi ya jana, uhakikishe kadi inaandika kweli.

Masuali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Pemba, upande wa Wete. Nataka kulinda karafuu zangu zinapoanikwa, na pale hakuna umeme wala waifai. Kuna njia?*

Ipo, ndugu yangu. Tafuta kamera ya nje inayotumia laini ya simu, yenye betri na paneli ya sola. Kwanza nenda uwanjani na simu zenye laini za mitandao mbalimbali uone upi unashika vizuri pale pale. Paneli ikae pahala penye jua wazi, mbali na kivuli cha mikarafuu, na katika masika tarajia betri kudhoofika. Iweke kamera pembeni ikitazama uwanja kwa upana, na upunguze usikivu wa kihisi, la sivyo kuku na mbuzi watalimaliza bando lako. Karafuu zikishakauka na kuingizwa ndani, ihamishie kwenye mlango wa ghala.

*Nakaa ghorofa ya pili Malindi ya Mji Mkongwe, ruta iko juu na mlango wa mtaani uko chini. Waifai haifiki kabisa.*

Ngazi ndiyo njia yako. Weka kifaa cha kukuza waifai katikati ya ngazi, pahala ambapo kinaonana na ruta kwa juu na mlango kwa chini bila ya ukuta kati yao. Kikishindwa, pitisha waya mmoja wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka chini na ununue kamera yenye tundu la waya huo. Itakuwa na waya, na itakuwa ya kuaminika zaidi.

*Niko Maskat, mama yangu anakaa Kiembesamaki peke yake. Nataka kumuona kila wakati. Bando lake litatosha?*

Kurekodi kwenye kadi hakuli bando. Kinachokula ni kutazama ukiwa mbali: kwa picha safi ya megabiti 2, dakika moja ni MB 15 hivi, na saa nzima inakaribia GB 1. Chagua picha ya ubora mdogo, tazama kwa dakika chache, na utumie taarifa za mwendo badala ya kuangalia mfululizo. Akaunti iwe ya mama au ya ndugu aliye naye karibu, wewe ushirikishwe kwa kipengele cha kushiriki kilichomo kwenye programu, bila ya kupeana neno la siri. Nami nakuomba, dada yangu, kamera ikae mlangoni na barazani. Ndani umpigie simu. Mueleze yote kabla, na akikataa, amekataa.

*Mwizi akiing'oa kamera yenyewe si ataondoka na kadi?*

Ataondoka nayo. Kinga yake ni tatu: kulipia hifadhi ya mtandaoni, ambayo huhitaji bando la kudumu, kununua seti yenye kinasa, yaani kifaa cha kuhifadhi rekodi, kinachofichwa ndani ya nyumba, au kufunga kamera mbili zinazotazamana. Kwa nyumba isiyo na intaneti ya kudumu, kinasa cha ndani ndio bora.

*Jirani yangu hapa Chake Chake amelalamika kuwa kamera inamuangalia, na si kweli. Nifanye nini?*

Mwite nyumbani kwako, mpe simu mkononi aione picha yenyewe, mchana na usiku. Kamera ya kuzunguka inaweza kumfikia hata kama leo haimtazami, kwa hivyo afadhali uifunge isigeuke upande wake au uchore eneo jeusi akiwa anaona. Asiporidhika, mwombeni sheha aje atazame nanyi nyote wawili mkiwepo.