Kuizuia ree katika mkataba wa 3 bila turufu

Katika briji, mwenye mkataba wa 3 bila turufu anadaiwa mizunguko 9 kati ya 13, na mara nyingi mkataba huo huvunjika katika mzunguko wa kwanza kwa sababu ya pupa ya kula, yaani kushinda mzunguko. Tuseme mkononi una shupaza ree (karata ya A), 7, 4. Kopa mfalme, malkia, 5. Uru malkia, 6, 2. Na pau ree, 9, 7, 3. Mwenzako anatandaza mezani shupaza 6, 3. Kopa ree, 8, 2. Uru mfalme, jeki, 10, 9, 4. Na pau mfalme, 5, 2. Mpinzani wa kushoto ameanza na 5 ya shupaza, na mwenzake ameweka mfalme.

Hatua ya 1: Kabla ya kugusa karata ya mezani, hesabu mizunguko ya uhakika. Shupaza ni 1, kopa 3, pau 2, jumla 6. Uru zitakupa 4 zaidi, lakini ni lazima kwanza wapinzani watoe ree yao.

Hatua ya 2: Jumlisha shupaza zako na za mezani, kisha toa kwenye 7. Hapa ni 7 kutoa 5, kwa hiyo izuie ree mara 2, yaani usiitoe katika mizunguko 2 ya kwanza ya shupaza, na uile shupaza ya tatu, huku mezani ukitupa 2 ya pau, kamwe si uru. Wapinzani wana shupaza 8. Zikiwa zimegawanyika 5 kwa 3, mpinzani wa kulia sasa amekaukiwa, na akila kwa ree ya uru hana shupaza ya kumrudishia mwenzake. Zikiwa 4 kwa 4, watakula shupaza 3 na ree ya uru tu, nawe utabaki na 9 zako.

Hatua ya 3: Anza uru kwa malkia, kutoka upande wenye karata chache, na uendelee nazo hata wakikataa kula. Usiguse kopa mapema, kwani ree iliyo mezani ndiyo njia yako ya kurudi kuchukua uru zilizobaki.

Kanuni hii ya 7 isifuatwe kwa upofu. Kama pau zenu zingekuwa dhaifu kuliko shupaza, kuzuia kungempa mpinzani nafasi ya kuhamia huko, na hapo ningeila shupaza ya kwanza bila kusita.