Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza kozi ya uchanganuzi wa kinamba

Aliyesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) alishakutana na Newton-Raphson (mbinu ya kutatua milinganyo hatua kwa hatua) na kanuni ya Simpson (ya kukadiria eneo chini ya mkunjo) huko sekondari, ndiyo maana wengi huingia kozi hii ya kutafuta majibu ya hesabu kwa kukaribia kwa namba wakidhani ni marudio. Fomula ni zilezile kweli. Kinachobadilika ni swali: chuoni unaulizwa jibu lako limekosea kwa kiasi gani, na umejuaje.

Kwa hiyo anza na mfululizo wa Taylor (kuandika fomula kama jumla ya vipande vya x, x², x³ na kuendelea), na usiishie kwenye vipande vitatu vya mwanzo. Soma ile sehemu ya baki, yaani kinachoachwa ukikatisha mfululizo, ambayo kila mtu huiruka, maana makadirio mengi ya makosa yanatoka hapo. Matriksi na difrensiesheni zipitie tu, kama hujazisahau.

Kikokotoo kiwe kwenye radiani. Andika 1, kisha bonyeza cos mfululizo mpaka namba itulie. Ikitulia kwenye 0.739085, uko salama. Ikiwa ni 0.99985, kiko kwenye digrii, na kitakuharibia mtihani mzima kimyakimya. (Hapo umeshatatua x = cos x kwa mbinu ya kurudiarudia; utaikuta darasani.) Zoea pia kubakiza tarakimu zote katikati ya kazi, ukadirie mwishoni tu.

Programu ya kulipia huhitaji. Python na Octave, lugha za kuandikia programu, ni za bure, na inatosha ujue kuandika kitanzi (loop), kuweka sharti na kuchapisha matokeo yenye tarakimu 15. Ukishaweza, kokotoa (1 − cos x)/x² ukianza na x = 0.1, kisha 0.01, ukizidi kushuka. Majibu yatasogelea 0.5, kama nadharia inavyodai. Ukifika 0.00000001, mashine itakujibu 0. Haijaharibika: inatunza tarakimu 16 hivi tu, na cos x imekaribia 1 mno hata ikaandikwa kuwa 1 yenyewe, ukitoa hakibaki kitu. Jaribio hili lina faida kuliko kukariri sura nzima.

Usidhani ni mambo ya darasani tu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot, wa kudungua makombora, ulishindwa kuzuia kombora la Scud na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa namba za msingi wa mbili. Baada ya saa 100 hivi za kuwashwa bila kuzimwa, kosa la saa hiyo lililojikusanya lilifika sekunde 0.34.

Madesa (notisi za kupeana wanafunzi) tafuta, sikukatazi. Ila tafuta kipeuo cha pili cha 2 kwa Newton-Raphson, kwa mkono wako: 1, 1.5, 1.416667, 1.414216, 1.414213562. Hesabu tarakimu sahihi kila hatua, zinavyokaribia kuongezeka maradufu. Mhadhiri atauliza kwa nini, na desa halina jibu hilo.